Watoto wa Kiungani na Maandishi Yao

Matemwe ni kijiji kirefu cha pwani ya kaskazini-mashariki ya Unguja, mkabala na kisiwa kidogo cha Mnemba. Ardhi yake ni ya mawe, haikubali mkarafuu, na wenyeji wake tangu zamani wamepata riziki yao kwa uvuvi, minazi na vijishamba vya maweni. Siku hizi pwani hiyo ina mahoteli mengi, na katika wageni wafikao humo wamo wenye huruma ya kweli, ambao huja na mikoba ya kalamu, madaftari na nguo, wakawagawia watoto wa kijiji. Watoto nao wamekwisha kuizoea desturi hiyo; mgeni akipita pwani kwa miguu huombwa kalamu hata na mtoto ambaye hajaanza kusoma.

Niliyaona hayo nikawakumbuka wageni wengine walioteremka Unguja mwaka 1864, nao pia kwa nia ya kuwatumikia watoto. Mtu asiyechunguza atadhani ya kuwa watoto walioingia mikononi mwa Wamisionari wale walikuwa wa hapa hapa kisiwani, yaani babu na bibi za hawa wa Matemwe, Nungwi na Makunduchi. Sivyo. Watoto wa Misheni ya Unguja hawakuwa watoto wa Unguja. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wanyamwezi na wengineo, walioletwa na bahari bila ya kuulizwa. Katika makala haya nataka kueleza habari zao, na hasa nataka kuyatazama maandishi yao, kwa kuwa jambo hilo linatuhusu sisi tunaoshughulika na Kiswahili kuliko watu wengine wote.

Kwanza yafaa kueleza kwa nini mtoto wa Matemwe hakuwamo. Mtoto huyo wa mwaka 1864 alikuwa maskini kwa kipimo cha mali, lakini hakuwa mtu asiye na wenyewe. Alikuwa na mji wake na ukoo wake uliojua makaburi ya wazee. Akifiwa na baba, alilelewa na ami yake au mjomba wake. Alipofikia umri wa kutia akili alipelekwa chuoni, akakaa jamvini mbele ya mwalimu wake, akaanza na alifu na be, akapanda juzuu kwa juzuu mpaka akahitimu. Kuandika alikuwa na herufi zake za Kiarabu, na dini alikuwa nayo. Askofu hakuwa na mlango wa kuingilia katika maisha ya mtoto kama huyo, na kwa hakika katika miaka yote ya Misheni Waislamu wa kisiwa waliobatizwa walikuwa wachache mno. Mlango ulikuwa kwa yule ambaye hapana mtu wa kumdai.

Misheni ninayoitaja ni ile ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kwa herufi za U.M.C.A. Asili yake ni hotuba aliyoitoa David Livingstone katika chuo kikuu cha Cambridge mwezi wa Desemba mwaka 1857. Safari yake ya kwanza haikuelekea Unguja kabisa, bali nchi ya mto Shire, na kiongozi wake alikuwa Askofu Mackenzie. Huko nako walijikuta na watoto waliokombolewa katika misafara ya watumwa. Lakini vita, njaa na homa viliwavunja. Mackenzie mwenyewe alikufa mwezi wa Januari mwaka 1862. Aliyeshika mahali pake, Askofu Tozer, aliona kuwa nchi ile haiwezekani kwa wakati ule. Akahamia Unguja, akafika mwishoni mwa Agosti 1864 pamoja na Padre Edward Steere. Wengi kule Uingereza walimlaumu Tozer kwa kukimbia, lakini hayo si maneno yetu leo.

Hakukaa sana ila Seyyid Majid alimkabidhi wavulana watano waliotwaliwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio mwanzo wa shule. Tazama jinsi ilivyoanza: hapana mzazi aliyeleta mtoto, wala mtoto aliyekuja kwa miguu yake. Mfalme alitoa, Askofu akapokea. Walio wema na walio wabaya katika habari hizi wote walitumia mkono ule ule wa kupeana watu, na nadhani mtoto wa miaka minane au tisa, ambaye tangu atoke kwao alikuwa amekwisha badilishwa mikono mara nyingi, hakuweza kutambua siku ile ya kwamba mara hii kupeanwa kwake kuna maana nyingine.

Baadaye idadi yao ilizidi kwa njia ya manowari za Kiingereza. Msomaji akumbuke ya kuwa kabla ya mwaka 1873 kusafirisha watumwa kutoka Kilwa mpaka Unguja kulikuwa halali kwa sheria ya Seyyid. Kilichokatazwa kwa mkataba wa mwaka 1845 kilikuwa ni kuwapeleka Arabuni. Kwa hiyo manowari zilivizia majahazi yaendayo kaskazini na kusi. Mabaharia walilipwa zawadi kwa hesabu ya watu waliowaokoa au kwa ukubwa wa chombo, na ndiyo maana majahazi mengine yalichomwa moto upesi upesi kabla ya kuhakikishwa kama kweli yalikuwa na watumwa. Watu waliookolewa hapo zamani walipelekwa mbali: Aden, Bombay, Morisi, Shelisheli. Walioachwa Unguja walikuwa wachache. Mwezi wa Juni mwaka 1873 Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kuzuia biashara yote ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yake. Tangu mwaka 1874 mpaka 1883 manowari iitwayo London ilitia nanga mbele ya Mji, na mashua zake zikawa zikizunguka pande zote za Unguja na Pemba. Kazi hiyo haikuwa mchezo. Mwaka 1881 nahodha wake, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipolisogelea jahazi moja lenye watumwa.

Waliotolewa katika majahazi walifikishwa kwa Balozi wa Kiingereza, naye akawagawa: huyu kwa Misheni hii, yule kwa Misheni ile, wakubwa kwa mashamba. Lugha yetu ilikwisha kuwa na daraja za majina kwa watu wa hali hiyo. Aliyeletwa juzi, asiyejua lugha wala desturi, aliitwa mjinga. Aliyeletwa mdogo akakulia pwani aliitwa mkulia. Aliyezaliwa pwani aliitwa mzalia. Sasa daraja jipya likaongezeka, huru wa balozi, yaani mtu aliyepata uhuru kwa hati ya Balozi, si kwa bwana wake. Watu wa Mji hawakulitamka neno hilo kwa heshima. Mtumwa aliyeachwa huru na bwana wake kwa ajili ya Mungu alibaki na mahali pake katika nyumba ile. Alikuwa na watu wa kumzika. Huru wa balozi hakuwa na nyumba nyuma yake. Kwa hiyo uhuru wake ulikuwa mkubwa zaidi kwa sheria, na mdogo zaidi kwa jamaa. Kwa mtoto ilikuwa dhahiri zaidi, kwa kuwa yeye hakuachwa aende apendako. Alihamishwa tu kutoka chini ya amri moja kwenda chini ya amri nyingine, iliyo ya upole.

Misheni ya Vyuo Vikuu haikuwa peke yake. Mapadre wa Kikatoliki kutoka Ufaransa walitangulia. Walikuwapo Unguja tangu mwaka 1860, na mwaka 1868 waliweka makao makubwa Bagamoyo. Wao walinunua watoto sokoni kwa fedha, wakiamini kuwa kukomboa ni kukomboa. Waingereza waliichukia njia hiyo, wakisema kuwa anunuaye mtumwa, hata kwa kumfungua, humtajirisha muuzaji. Na huko Mombasa mwaka 1875 Misheni nyingine ya Kiingereza ilianzisha mji wa mahuru ulioitwa Freretown, kwa jina la Sir Bartle Frere aliyekuja kumshurutisha Barghash juu ya mkataba ule. Mambo yao yanafanana na haya kwa mengi.

Nirudi kwa wale wa Unguja, na nianze na majina yao, maana majina ni ushahidi ambao haukukusudiwa kuwa ushahidi. Katika wanafunzi wa mwanzo twawakuta John Swedi, George Farajallah, Francis Mabruki. Baadaye Cecil Majaliwa. Jina la mbele ni la ubatizo, nalo ni la Kiingereza. Msomaji wa nje akiliona jina la pili hudhani kuwa ndilo la asili, alilopewa na mama yake huko Uyao. Lakini msomaji wa Kiswahili hawezi kudanganyika. Mabruki ni mwenye kubarikiwa. Farajallah ni faraja ya Mwenyezi Mungu. Feruzi, jina jingine la watu wa hali hiyo, ni kito. Haya ni majina ya pwani, ya aina ile waliyopewa watumwa na mabwana zao, majina ya heri na ya vito, ambayo mwungwana hakumpa mwanawe. Majaliwa nalo ni neno la Kiswahili tupu. Basi jina la pili lilikuwa alama ya mkono wa kwanza, na jina la kwanza alama ya mkono wa pili. Jina lililotangulia yote mawili, lile ambalo mtoto aliitwa jioni arudi nyumbani, halimo. Wamisionari walikuwa waangalifu sana katika kuandika mambo, nao waliandika daftari nzuri za ubatizo, lakini hawakuona neno la kuwashtua katika kuyaacha majina ya watumwa yaendelee kama ukoo.

Wavulana walikaa Kiungani, kusini ya Mji, katika shule iliyoitwa kwa jina la Mtakatifu Andrea. Wasichana, ambao mwanzo walilelewa na dada yake Askofu Tozer, waliwekwa Mbweni, mbele zaidi, katika shamba lililonunuliwa mwaka 1871. Shamba hilo lilikuwa pia na watu wazima walioachwa huru, wenye vibanda vyao na vipande vyao vya kulima. Shule ya Mbweni ilikuwa na mwalimu mkuu ambaye watu wa Unguja walimjua kwa muda mrefu kuliko Mzungu yeyote wa Misheni, Bibi Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877 na kufa hapo hapo Unguja mwaka 1926. Kanisa la Mbweni lasimama mpaka leo. Shule yenyewe ni magofu, nayo yamo katika uwanja wa hoteli.

Maisha ya shule hayakuwa mabaya. Watoto walikula, walilala salama, walicheza, walifundishwa na watu ambao wengi wao walikuja kufa kwa homa katika kazi hiyo. Hapana haja ya kuyapunguza hayo. Lakini watoto walipangwa. Mvulana aliyeonyesha akili ya kitabu alielekezwa kwenye ualimu na upadre. Asiyeonyesha alipelekwa kujifunza useremala, uashi, upishi au kazi ya kupiga chapa. Mwingine akarudishwa shambani. Mbweni ilikuwa hivyo hivyo: wasichana wa darasa walifundishwa kuwa walimu na wake wa walimu, na wengine wakashika jembe, jiko na dobi. Ndoa nyingi zilifungwa kati ya Kiungani na Mbweni, na walezi wakizingoja kwa hamu. Cecil Majaliwa, kwa mfano, alimwoa Lucy Magombeo, mwalimu wa Mbweni. Jina la Magombeo, angalia, lina sauti nyingine. Halikutoka katika kapu lile la akina Mabruki. Jinsi lilivyookoka sijui, ila limenifurahisha kila nilipolisoma.

Yote niliyokwisha kusema yangeweza kuwa habari za makao yoyote ya yatima duniani. Kilichoifanya Kiungani kuwa mahali pa pekee ni lugha. Steere, aliyekuwa Askofu tangu mwaka 1874 hadi kufa kwake mwezi wa Agosti 1882, alishikilia kuwa Kanisa la Afrika halitakuwa la Waafrika mpaka liseme lugha yao. Kwa hiyo akajifunza Kiswahili cha Mji kwa bidii ambayo hata leo yatuonea haya. Mwaka 1870 alitoa kitabu chake cha sarufi, na mwaka ule ule kitabu cha hadithi za Waswahili. Na katika kazi hiyo hakukaa na Wakristo peke yao, maana Wakristo hawakuwapo. Sheikh Abdulaziz Al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, kadhi na mmoja wa wanazuoni wakubwa wa Unguja, alijitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili fasaha, ijapokuwa katika mambo ya dini alibishana naye bila kumwachia. Basi Kiswahili kilichowafikia watoto wa Kiungani katika sala zao kilikuwa kimepita kwanza katika ulimi wa Sheikh.

Na watoto na wakubwa walioletwa Unguja kutoka bara nao walitoa. Steere alichapisha vitabu vidogo vya maneno ya Kishambala mwaka 1867, ya Kiyao na Kinyamwezi mwaka 1871, na ya Kimakonde mwaka 1876. Nchi ya Wayao aliiendea kwa mara ya kwanza mwaka 1875 tu. Kiyao chake cha mwaka 1871 kilitoka wapi, basi, ila katika vinywa vya Wayao waliokuwa Unguja? Mtoto aliyeitwa mjinga na watu wa Mji kwa kuwa hajui Kiswahili ndiye aliyekuwa mwalimu wa mtaalamu wa lugha.

Katika chumba kimoja cha kulala cha Kiungani zilikutana lugha nyingi. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya hata mmoja katika wale wa kwanza. Ndicho walichokutana nacho njiani, katika msafara na jahazini, kwa amri na matusi. Na ndicho walichokikuta tena darasani, kimeandikwa kwa herufi za Kirumi, laini na chenye adabu. Walikipiga chapa kwa mikono yao wenyewe, kwa kuwa Misheni ilikuwa na mtambo wa kupigia chapa, na wapanga herufi walikuwa wavulana hao. Agano Jipya la Steere lilitoka mwaka 1883, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, na Biblia nzima mwaka 1891.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo ndilo lililonitia kuandika. Mwaka 1887 A. C. Madan, ambaye kwa kamusi zake sote tu wadeni wake, alitoa London kitabu kiitwacho kwa jina la Kiungani. Alikuwa amewaomba wanafunzi waandike kwa Kiswahili habari za nchi zao na habari za jinsi walivyofika Unguja, kila mtu kama akumbukavyo. Wakaandika. Wameandika habari za nyumba na mashamba ya kwao, michezo, mizimu, harusi na vita. Kisha wameandika siku ya kukamatwa: wengine katika vita, wengine njiani, wengine kwa kuuzwa na watu wa karibu kwa deni au kwa njaa. Wameandika bei zao kwa mikono ya nguo. Wameandika mwendo wa miguu mpaka pwani, na kutiwa jahazini wamesongamana, na hofu yao walipoona mashua ya Kizungu yaja mbio. Maana walikuwa wameambiwa na wenye jahazi kuwa Wazungu hula watu. Kwa hiyo saa ya kuokolewa ndiyo saa waliyoogopa zaidi, na kwa siku kadhaa walikula chakula walichopewa wakiamini kuwa wananoneshwa.

Nimesoma maandishi mengi ya wakubwa juu ya biashara ya watumwa, ya mabalozi, manahodha na wasafiri. Hapana hata moja lililonionyesha mambo kwa kimo kile, yaani kimo cha mtoto. Balozi huhesabu vichwa. Mvulana wa Kiungani hukumbuka kwamba alinyimwa maji siku fulani, na kwamba mtu fulani katika msafara alimpa. Hasemi sana juu ya ukatili; hueleza tu lililotukia, kisha lililofuata. Hapo pana sifa ya nathari njema, nayo haikufundishwa darasani.

Lakini kitabu kile ni cha Kiingereza. Madan alitafsiri, naye alikuwa mfasiri mwaminifu; ila Kiswahili chenyewe hakukichapa pamoja na tafsiri. Wasomaji wake walikuwa watu wa Uingereza waliotoa sadaka, na kwao hao kitabu kilitosha. Waandishi hutajwa kwa kabila zao kuliko kwa majina: Myao, Mmakua, Mnyasa. Basi hapa pana nathari ya Kiswahili iliyoandikwa Unguja kabla ya mwaka 1887, na watu waliokwisha kupita katika jambo zito kuliko yote ya karne yao, nasi hatuwezi kusoma sentensi zao. Hatujui walitumia neno gani kwa kukamatwa. Je, waliandika walitekwa, au waliibwa, au walishikwa? Walimwita Mwarabu wa jahazi kwa neno gani, na Mzungu wa mashua kwa neno gani? Je, walipoandika uhuru waliandika uhuru, au waliandika kwamba walitolewa? Kwa Kiingereza tofauti hizo zimekwisha kufa.

Linganisha na mtu mwingine wa zama zile zile. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili. Mjerumani Brode aliyachapa maneno yake kama alivyoyasema, Kiswahili na tafsiri, katika miaka ya 1902 na 1903. Na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ikayachapa tena pamoja na tafsiri ya Whiteley katika miaka ya 1958 na 1959, kama nyongeza ya jarida lake. Vyema ilivyofanya, maana kitabu kile ni hazina. Lakini ndivyo ilivyokuwa kwamba mwenye misafara amebaki na ulimi wake, hata mizaha yake twaisikia, na mtoto aliyekwenda kwa miguu katika misafara ya namna ile amebaki na mkalimani. James Mbotela wa Freretown alijaribu kuliziba pengo hilo alipotoa kitabu chake cha Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, kwa Kiswahili kitamu. Lakini yeye ni mtoto wa waliookolewa. Asimulia aliyoyasikia, na amewasifu waokozi kwa sifa ambayo wakosoaji wa baadaye waliiona imezidi kiasi. Wavulana wa Kiungani walikuwa wenyewe.

Kwa bahati Kiswahili chao hakikupotea chote. Tangu mwaka 1888 Kiungani ilitoa gazeti dogo liitwalo Msimulizi, na ndani yake waliokwisha kuondoka shuleni waliandika barua kutoka vituo vya bara: safari, mvua, njaa, misiba, nani ameoa na nani amefariki. Wanahistoria hulitaja mara nyingi katika magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili katika nchi hizi. Hapo twawaona watoto wale wamekuwa watu wazima, na sauti yao haijatafsiriwa.

Maana kusudi la Misheni halikuwa kuwaweka Unguja. Walikusudiwa kurudi bara. Mwaka 1876 Steere aliongoza kundi la mahuru wa Mbweni kuelekea kusini ili wafike kwao karibu na Ziwa Nyasa. Wengi wakaishia Masasi, wakapaona ni pazuri, wakajenga. Mwezi wa Septemba 1882 Magwangwara waliwashambulia, wakawaua baadhi na kuwachukua wengine mateka. Watu waliokwisha kutekwa, kuuzwa, kuokolewa, kubatizwa na kurudishwa, wakatekwa tena. George Farajallah hakufika hata hapo. Alikufa mapema, mara baada ya kupewa daraja ya mwanzo ya utumishi. John Swedi alipata ushemasi mwaka 1879. Majaliwa, aliyepelekwa kusoma mpaka Canterbury, alikaa kwa miaka Chitangali kati ya Wayao wenziwe, na mwaka 1890 akawa padre, wa kwanza katika Waafrika wa Misheni hiyo. Wenye kuandika historia ya Misheni humsifu sana kwa kazi yake kule. Nami najiuliza Kiyao chake kilikuwa na matamshi gani aliporudi.

Kanisa la Mkunazini, lililowekewa jiwe la msingi siku ya Krismasi mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, hutembelewa na wageni wengi. Kiungani hapana aiulizaye. Shule yake ilihamia bara mwaka 1925, ikawa chuo cha Minaki. Urithi wake haukubaki katika majengo. Mwaka 1928 wajumbe wa nchi za Afrika Mashariki walipokutana Mombasa kuchagua lahaja ya kusanifisha, walichagua Kiunguja, na sababu moja iliyokipa nguvu Kiunguja juu ya Kimvita ilikuwa ni vitabu vilivyokwisha kuwapo, vya Steere na Madan na mtambo wao. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilitoa kamusi yake mwaka 1939 juu ya msingi wa kamusi za Madan. Na Madan aliyajaribu maneno yake juu ya nani kila siku, kama si juu ya wanafunzi wake?

Hapa nairudia Matemwe. Kiunguja kilichochaguliwa kilikuwa cha Mji. Hakikuwa lahaja ya mashamba, si Kitumbatu cha kaskazini wala Kikae cha Makunduchi. Mtoto wa kaskazini ya Unguja anapoingia shule hukuta katika kitabu Kiswahili ambacho sicho hasa kile cha bibi yake. Husahihishwa, naye hujisahihisha. Kitabu hicho kina nasaba, na katika nasaba hiyo wamo Sheikh wa Barawa, Padre wa Kiingereza, na wavulana wa Kiyao na Kimakua waliokaa mwendo mfupi kusini ya Mji, ambao hawakupata kuiona Matemwe na ambao wazee wa Matemwe hawakuwa na sababu ya kuwajua.

Miaka michache iliyopita nilikitazama tena kitabu cha Madan, nikashika kalamu nikajaribu kuirudisha hadithi moja katika Kiswahili, ile sehemu ya mtoto na mama yake kutengwa njiani. Nilifika mahali ambapo mvulana asema kuwa hakumwona tena. Kwa Kiingereza ni maneno machache tu. Kwa Kiswahili nilipata njia nne za kuyasema, zote ni sahihi, na kila moja ni ya mtu mwingine. Nikaiacha nafasi hiyo tupu katika daftari langu, na mpaka leo sijaijaza.